Mvua ikinyesha Ibighi, nani anapumzika?

Kama unasoma gazeti hili baada ya ibada, umevua viatu na kikombe cha chai kiko mezani, naomba nianze na chai hiyo hiyo.

Aprili iliyopita nilipata siku chache za likizo, nikaenda Ibighi, kata iliyo kando tu ya mji wa Tukuyu wilayani Rungwe, kumsalimia mama mdogo. Anayeijua Tukuyu hahitaji kusimuliwa habari za mvua yake. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2,000, wakati ndugu zetu wa Dodoma wakifikisha 600 wanamshukuru Mungu. Aprili ndiyo kilele. Unalala inanyesha, unaamka inanyesha, na Mlima Rungwe unausikia kwa jina tu maana ukungu umeufunika wiki nzima. Huko mtu haahirishi kazi kwa sababu ya mvua. Akifanya hivyo atalima lini? Mama mdogo ana miaka sitini na kitu, lakini kabla hakujapambazuka vizuri amekwisha kujifunga nailoni kiunoni, amevaa mabuti, kikapu kiko mgongoni, yumo shambani anachuma chai.

Alhamisi moja, yapata saa tatu asubuhi, karani wa banda la kupimia akapiga simu. Leo hatupokei majani, mashine ya kiwandani imeharibika, msichume mpaka mtakapotangaziwa.

Kwa wasomaji wa mjini nieleze kidogo. Jani bichi la chai ni kama maziwa. Likishachumwa linatakiwa lifike kiwandani siku hiyo hiyo; likikaa kwenye magunia linapata joto, linageuka rangi, linakuwa takataka. Na lile ambalo halijachumwa haliwasubiri mafundi. Kinachotakiwa kiwandani ni majani mawili laini na kichipukizi chake. Ukipitisha siku, jani linakomaa, linakuwa gumu, na utalikata ulitupe ili mti utoe jipya. Kwa hiyo mkulima wa chai akipewa siku ya bure, ajue bure hiyo ina bei yake.

Nilimsindikiza mama mpaka bandani na mwavuli wangu wa mjini. Tukakuta wanawake kama kumi na watano wamesimama, mvua inapiga bati kiasi kwamba lazima mseme kwa sauti. Wote wamepata habari moja, na wote wana siku nzima mbele yao ambayo hawakuipanga. Mimi nilikuja likizo nikiwa na wazo la kuandika safu hii kuhusu kupumzika, nikasema moyoni, haya, Bwana ameniletea mfano.

Mama mdogo alitua kikapu, akacheka. “Ndaga fijo, Kyala,” akasema, yaani asante sana, Mungu. Wiki mbili alikuwa anatafuta nafasi ya kwenda kumwona bibi mmoja wa pale mtaani aliyepooza upande mmoja, nafasi haipatikani. Akarudi nyumbani, akachukua maharage ya kumenya na sabuni, akaenda. Alishinda huko mpaka jioni. Alimwogesha bibi, akafua shuka zake, wakamenya maharage huku bibi akitumia mkono wake mmoja ulio mzima.

Jirani yake wa upande wa juu, mama anayeheshimika sana kanisani, hakucheka hata kidogo. Alisonya, akageuka, na baada ya robo saa tukamwona anapita na jembe begani kwenda kwenye viazi vyake. Alipotupita alimtupia mama mdogo jicho ambalo nalifahamu vizuri. Ni jicho la mtu anayemtazama mwenzake anayepotea. Nalifahamu kwa sababu na mimi ninalo. Mkutano wa ofisini ukiahirishwa sijui kukaa; nitafungua droo, nitapanga mafaili yaliyokwisha kupangwa, ili mradi mtu akipita asinikute nimekaa.

Kati ya hao wawili ningeweza kukuandikia tafakari nzima, na pengine umewahi kuisikia: Martha na Mariamu, Luka 10, chagua fungu lililo jema. Nilikwisha kuianza kichwani. Bahati nzuri, au niseme kwa neema, nikamwona dada wa tatu.

Huyu alikuwa kijana, mtoto mgongoni amefunikwa khanga. Hana shamba la chai. Huchuma chai ya watu na kulipwa kwa kilo. Wenzake walipoondoka yeye alibaki, akamuuliza karani kama mashine haiwezi kutengenezwa mchana. Karani akasema hajui. Akakaa kwenye gogo. Nilipopita tena pale karibu saa sita kutafuta vocha, bado alikuwa amekaa. Viazi vya kukimbilia hana, na sidhani alikuwa na utulivu wa kwenda kumenya maharage na wagonjwa. Naye siku hiyo alikuwa na muda wa bure, sawasawa na mama mdogo, saa kwa saa.

Ndipo nikakumbuka wale watu wa Mathayo 20. Mwenye shamba la mizabibu anatoka saa tatu anawakuta watu sokoni, anatoka saa sita, saa tisa, na saa kumi na moja bado anawakuta wengine wamesimama. Anawauliza kwa nini wamesimama mchana kutwa bila kazi. Jibu lao ni fupi na linauma: hakuna aliyetuajiri. Hawakusema wamechoka wala kwamba kazi hawaitaki. Tumezoea kuhubiri mfano ule kwa ajili ya wale wa asubuhi walionung’unika. Jaribu Jumapili moja kuusoma ukiwa umesimama na wale wa saa kumi na moja. Kutwa nzima watu wazima wamesimama sokoni, jua linawaangalia na wapita njia wanawaangalia. Nina hakika hapakosekani aliyepita akasema moyoni, vijana wa siku hizi ni wavivu.

Neno hilo, uvivu, lina historia ndefu kwetu. Msafiri Joseph Thomson alipopita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879 alivisifu mno vijiji vya migombani, usafi wake na utulivu wake. Mwaka 1891 wakafika wamisionari, Wamoravian na Walutheri wa Berlin, na kengele zao. Halafu serikali ya Kijerumani ikaleta kodi ya nyumba mwaka 1897, na moja ya shabaha zake ilikuwa kuwalazimisha watu watafute kazi ya mshahara. Chai ilijaribiwa Kyimbila, jirani tu na Tukuyu, mwaka 1904. Kufika miaka ya 1930, wanaume wa Rungwe walikuwa wanakwenda kwa miguu hadi Lupa huko Chunya kuchimba dhahabu ya watu wengine. Mtu yule yule aliyekaa chini ya mgomba wake jioni, msafiri alimwona ana amani, na mkusanya kodi akamwona mvivu.

Wala tusiwatupie wageni lawama zote. Tulipopata uhuru wimbo wetu ulikuwa “Uhuru na Kazi”. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi, na watu wasio na kazi wakakamatwa mijini wakarudishwa vijijini. Mwaka 2015 tukaambiwa “Hapa Kazi Tu”, na mwaka 2021 “Kazi Iendelee”. Sisemi ni kauli mbaya. Kazi ni ya Mungu. Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza kabla hajakosa lolote. Ila nimegundua kwamba katika nchi yetu, na hata makanisani kwetu, mtu akikutwa amekaa tunajua haraka sana la kumwambia. Tunamtuma kwa chungu wa Mithali 6, au tunamsomea 2 Wathesalonike 3:10. Paulo pale alikuwa anawasema wasiotaka kufanya kazi. Yule dada wa kwenye gogo hakuwa mmoja wao, wala wale wa saa kumi na moja.

Wa kwanza katika Biblia kuwaita watu wavivu kwa sauti alikuwa Farao. Soma Kutoka 5. Waisraeli wanaomba siku chache waende jangwani kumwabudu Mungu wao, na Farao anapiga hesabu zake: wakipata nafasi ya kuwaza ibada, basi kazi imekuwa ndogo. Akawanyima majani makavu ya kuchanganya na udongo, wajitafutie wenyewe, na idadi ya matofali ikabaki ile ile. Katika Biblia yetu ya Kiswahili neno lililotumika pale ni hesabu. Hesabu ya matofali haikupunguzwa.

Lilipokuja neno hesabu, mpendwa msomaji, kalamu yangu ilikwama. Sasa nitakueleza kwa nini.

Mama mdogo ana mtoto wa kiume wa miaka 24, mdogo wangu. Ni dereva wa bodaboda, kijiwe chake kiko Tukuyu mjini, na analala hapo hapo Ibighi kwa mama yake. Hubeba abiria, mikungu ya ndizi, magunia ya parachichi, chochote. Kwa muda mrefu kwenye jumuiya ya mama mdogo kijana huyu amekuwa ombi la kudumu. Haonekani kanisani. Mzee wa kanisa amemfuata mara mbili. Akina mama wamefunga kwa ajili yake. Mimi mwenyewe nimewahi kumtumia ujumbe mrefu wa kumwonya, wenye mistari ya Biblia sita.

Pikipiki anayoendesha ni yangu.

Niliinunua kwa Sh2.4 milioni nikampa kwa mkataba, kama wengi wenu mlivyowapa vijana. Kila siku analeta hesabu ya Sh8,000, siku sita kwa wiki, kwa wiki 60. Baadaye inakuwa yake, namkabidhi kadi. Piga mwenyewe uone: Sh48,000 kwa wiki, mara 60, ni Sh2.88 milioni. Faida yangu ni Sh480,000. Mafuta ni yake, matengenezo ni yake, pancha ni yake. Jumatatu mpaka Jumamosi ni za bosi, na Jumapili, kama ilivyo desturi ya mikataba hii, ni siku ya dereva. Anachopata Jumapili ni chake chote.

Sasa unaelewa kwa nini haonekani kanisani. Siku pekee ambayo jasho lake ni lake ndiyo siku tunayogonga kengele. Tulimwombea arudi kwa Bwana miezi yote hiyo, na katika maombi yote hayo hakuna aliyeuliza pikipiki ni ya nani.

Turudi kwenye ile Alhamisi. Saa saba mchana, mama akiwa kwa bibi na mimi nimekaa dirishani na daftari langu naandika habari za pumziko la Mungu, simu ikaingia ujumbe. “Kaka, leo mvua imezidi, abiria hakuna. Naomba hesabu niilete kesho.” Nikamjibu bila hata kuweka kalamu chini. “Tulikubaliana kila siku.” Nikaendelea kuandika. Nakumbuka nilikuwa nimefika kwenye Marko 6:31, Bwana anapowaita wanafunzi waende kando wakapumzike kidogo.

Alikuja saa mbili usiku. Koti la mvua lilikuwa limechanika begani na kiwiko kilikuwa kinatoka damu. Alisema aliteleza kidogo kwenye kona akiwa na abiria, lakini hakuna aliyeumia. Akatoa noti mfukoni akazihesabu mbele yangu zikiwa zimelowa na kushikana. Zilikuwa Sh6,500. “Hiyo 1,500 nitaongeza kesho, kaka.” Kisha akaenda kubadilisha nguo. Mama mdogo hakusema neno. Alizichukua zile noti kwenye meza, akazipanga moja moja pembeni ya mafiga zikauke. Tukala mbalaga kimya, noti zinatoa mvuke.

Sijui wewe ungelala vipi usiku huo. Mimi nilisikiliza mvua kwenye bati mpaka majogoo.

Nilichokuwa nimekosea si kwamba nilikuwa na faida. Biashara ina haki yake, na kijana bila mkataba ule hana namna ya kupata pikipiki. Benki gani itampa? Kosa nililiona nilipoisoma tena amri ya Sabato, na safari hii nikaisoma katika Kumbukumbu la Torati 5. Naomba uifungue mwenyewe. Amri haimwambii mwenye nyumba apumzike peke yake. Inataja mtoto wake wa kiume na wa kike, mtumwa wake na mjakazi wake, ng’ombe, punda, mnyama yeyote, na mgeni aliye ndani ya malango yake. (Punda wa siku hizi ana magurudumu mawili, lakini nadhani mwandishi angemwelewa.) Na sababu inatajwa wazi: ili mtumwa wako naye apate kupumzika kama wewe, na ukumbuke kwamba ulikuwa mtumwa Misri. Pumziko langu la dirishani kule Ibighi lilikuwa linalipiwa na mtu aliyekuwa anateleza kwenye kona.

Kisha nenda Kutoka 16, kwenye mana. Nimehubiri mlango huo mara nyingi na kila mara nilikuwa nawagombeza wale waliotoka siku ya saba kuokota wakakosa. Nilikuwa naruka jambo lililotangulia. Siku ya sita Mungu alishusha sehemu maradufu. Hakuwaamuru watu wenye njaa wakae nyumbani halafu akawaacha wajijue. Alianza kwa kulipa. Hata mwaka wa saba, katika Walawi 25, watu wanauliza swali la haki kabisa, tutakula nini kama hatupandi, na jibu analotoa Mungu ni chakula: mavuno ya mwaka wa sita yatatosha kwa miaka mitatu. Na yule mwenye shamba wa Mathayo 20 aliwalipa wa saa kumi na moja dinari nzima, maana watoto wao nyumbani wanakula chakula cha siku nzima.

Ndiyo maana siku ile ile ya mvua ilikuwa zawadi kwa mama mdogo na kitanzi kwa yule dada. Mama ana migomba, ana ng’ombe wa maziwa mmoja, ana watoto wanaomtumia chochote mwisho wa mwezi. Siku yake ilikuwa imekwisha kulipiwa. Wengi wetu tunaoandika na kusoma habari za mapumziko tuko hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inanipa mimi saa 45 za kazi kwa wiki, saa 24 za kupumzika kila wiki, siku 28 za likizo kwa mwaka. Mdogo wangu hayumo humo, kwa kuwa mkataba wa pikipiki hauhesabiwi kuwa ajira. Wala mchuma chai wa kilo hayumo kwa namna yoyote anayoweza kuionja siku mashine ikiharibika.

Wenye watoto mtakumbuka Machi 17, 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona. Wanafunzi wa kidato cha sita walirudi Juni 1, wengine Juni 29. Zaidi ya miezi mitatu ya likizo ambayo hakuna mtoto aliyeiomba. Kuna waliosoma vitabu na kujifunza kupika keki, na kuna waliolea wadogo zao na kubeba vikapu mashambani. Shule zilipofunguliwa tukawapa wote mtihani mmoja.

Basi Ijumaa asubuhi nilimwita mdogo wangu kabla hajawasha pikipiki. Nikamwambia kuanzia leo, siku moja katika zile sita ambayo mvua itakuwa kubwa, hesabu hakuna, na haitaongezwa mwisho wa mkataba. Akiendesha siku hiyo, alichopata ni chake.

Nilitegemea atafurahi. Hakufurahi. Alinitazama kwa muda, akauliza, “Kaka, unataka kuniondoa?” Alidhani ni utangulizi wa kumnyang’anya. Nikamwapia kwamba sivyo. Akafikiri tena. “Na nani atapima hiyo mvua? Maana Tukuyu hapa kila siku ni mvua. Wewe ukiwa Mbeya utasema ya leo ilikuwa manyunyu.”

Mama mdogo alikuwa anakamua ng’ombe pale karibu. Akasema bila kugeuka, “Mimi nitapima.”

Tuliandika hivyo kwenye karatasi ya mkataba kwa kalamu, chini ya saini za zamani: mvua itapimwa na mama. Zilikuwa zimebaki wiki 38. Kwa Sh8,000 kila wiki, naachia Sh304,000. Naitaja hiyo hesabu usije ukaniona mkarimu kuliko nilivyo. Katika zile 480,000 bado nabaki na 176,000, na ukinibana sana sina maelezo mazuri kwa nini nimeishia hapo. Yule dada wa kwenye gogo sikumfanyia lolote. Nilirudi bandani Ijumaa mchana nikaambiwa amekwenda upande wa Katumba kutafuta vibarua vya kupalilia.

Wewe mwenzangu unayesoma, nakuuliza bila kukunyooshea kidole, maana chako na changu vinafanana. Dada anayekupikia chakula cha Jumapili hii anapumzika lini, na akipumzika mshahara wake unakuwaje? Dereva wa bajaji yako anafanya nini mvua ikinyesha kutwa? Kibarua uliyemwita achimbe msingi, akakuta saruji haijafika, ukamwambia arudi kesho: alirudi nyumbani na nini? Na kanisani, tunapoandika majina ya wasioonekana ibadani, je, kuna safu ya kuandika wanamfanyia nani kazi?

Jumamosi ilinyesha tangu usiku. Saa moja asubuhi mama mdogo alisimama kibarazani, akanyoosha mkono nje, akaushusha, akaunyoosha tena kama mtu anayepima uzito wa sukari dukani. “Imefika,” akatangaza. Mdogo wangu alitoka hata hivyo. Alirudi saa kumi na Sh11,000, akampa mama yake mbili ya sukari na sabuni, nyingine akaweka mfukoni. Hakuna aliyemdai kitu.

Jumapili kengele ya kwanza ilipogongwa mama alikuwa amekwisha kuvaa kitenge chake cha jumuiya. Najua alichokuwa anatumaini kwa sababu na mimi nilikuwa natumaini hicho hicho, na kwa aibu naungama kwamba nilihisi nimekilipia. Akaenda kugonga mlango wa chumba cha kijana. Akagonga tena. Akafungua, akachungulia, akarudi taratibu.

“Amelala,” akasema.

Nikasema labda nimwamshe mimi.

“Mwache, mwanangu.” Aliingia jikoni akachukua sahani ya mbalaga iliyobaki, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka kwenye kigoda karibu na kitanda, na kikombe cha maji pembeni. Kisha tukaenda kanisani wawili chini ya mwavuli mmoja.

Tuliporudi saa saba, sahani ilikuwa tupu na kikombe kitupu. Alikuwa ameamka, akala, akanywa, akalala tena.